Gunia Limetimia, Mpunga Haumo

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima, Chimala, Wilaya ya Mbarali



Mmezoea kuniona nikisimama mbele yenu na vitabu vya hesabu mkononi, na najua wapo ambao wakiniona tu huanza kukumbuka stakabadhi zilizopotea. Leo sikuja na vitabu. Ndugu Mwenyekiti ameniomba nizungumze nanyi juu ya afya ya wanachama wetu waliozeeka, nami nimekubali, ingawa si mganga. Nitakayoyasema ni yale niliyoyasoma na niliyoyaona katika kazi hii ya kutembelea vyama. Likiwapo jambo linalohitaji dawa, hospitali tunayo hapa hapa Chimala.

Niruhusuni nianzie ghalani, maana huko ndiko ninakokujua. Mwaka mmoja nilikagua ghala la chama fulani, mbali na hapa. Idadi ya magunia ya mpunga ilitimia. Tukayapandisha kwenye mizani moja baada ya jingine, na uzito nao ukatimia. Nilikuwa nimekwisha kutoa kalamu ili nitie sahihi nilipoomba gunia la katikati ya rundo lifunguliwe. Lilikuwa na mpunga juu na mpunga chini. Katikati ni pumba na mchanga. Mizani haikusema uongo. Ilipima kilichowekwa juu yake, wala hakuna aliyeiuliza ndani mna nini.

Mwili wa binadamu hutufanyia hesabu ya namna hiyo hiyo. Chukueni mtu aliyekuwa na kilo 70 alipokuwa na miaka 40, na leo ana miaka 65 na uzito wake bado ni kilo 70. Atasema hajabadilika. Lakini wataalamu wanatuambia kwamba tangu miaka 30 hivi, mtu hupoteza mnofu wake kwa kadiri ya asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi, na akipita miaka 60 upotevu huo huongeza kasi. Kwa hiyo ikiwa kilo hazikupungua, kuna kitu kimeingia mahali pa mnofu uliotoka, nacho ni mafuta. Na yule ambaye kilo zake zimeongezeka mpaka 85 huenda akawa na mnofu mchache kuliko aliokuwa nao alipokuwa na 65. Gunia limetimia, mpunga haumo.

Upungufu huu ulipewa jina mwaka 1989 na daktari mmoja Mmarekani, Irwin Rosenberg. Aliuita sarkopenia, neno lililoundwa kwa Kigiriki, na maana yake ni umaskini wa nyama ya mwilini. Jina ni geni lakini jambo si geni kwenu. Kila mmoja hapa amemwona mzee aliyekonda, miguu imekuwa kama vijiti, akamhurumia na kumtafutia uji. Ninayetaka kumsema leo ni mwenzake, yule ambaye hakuna anayemhurumia kwa kuwa ni mnene.

Hapa lazima niseme wazi, hata kama nitamkwaza mtu. Kwetu sisi unene ni sifa. Mwanachama akilipwa fedha za mpunga, na msimu unaofuata akaonekana ameongezeka, tunamwambia amenawiri, maisha yamemkubali. Tena katika mkoa wetu, ambao ulionja uchungu wa Ukimwi katika miaka ya 1990, kukonda kulikuwa ni jambo la kunong'onezwa, na mwenye mwili mkubwa alikuwa amejiondoa katika minong'ono hiyo. Siwezi kuwalaumu watu kwa hilo. Lakini zimekuja hesabu nyingine. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima, wakapimwa watu wa miaka 25 hadi 64. Ilionekana kwamba mtu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na uzito uliozidi kiasi, na miongoni mwa wanawake walikaribia wanne katika kumi. Angalieni pia kwamba kipimo kiliishia miaka 64. Wazee wetu wa miaka 70 hawakupandishwa kwenye mizani hiyo kabisa.

Sasa nitazame bonde letu hili la Usangu. Wazee mlio hapa mlilima kwa jembe la mkono na kwa ng'ombe. Mliatika, mkang'oa miche, mkapandikiza mkiwa mmeinama majini kutwa, mkapalilia kwa mkono, mkavuna kwa mundu, mkapiga mpunga juu ya turubai na kubeba magunia mabegani. Waliotoka juu Matamba waliteremka mlima huu kwa miguu wakiwa na mizigo ya maharage na ngano, wakapanda tena siku hiyo hiyo au kesho yake. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa afanye mazoezi, angemcheka anayemwambia.

Tangu Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 matrekta madogo ya mkono yameenea, na mashine za kuvuna zinaingia mashambani. Magugu yananyunyiziwa dawa. Bodaboda inamchukua mzee mlangoni kwake mpaka kwenye mizani ya chama, na gari linapanda zile kona 57 za kwenda Matamba huku abiria amesinzia. Sizungumzi haya kwa kuyasikitikia. Mimi mwenyewe nimekwenda vyama vingi kwa bodaboda, na hakuna mtu mwenye akili atakayemrudisha mama wa miaka 65 kwenye kuinama majini toka asubuhi hadi jioni. Lakini kazi iliyoondolewa haikuwa inalima shamba peke yake. Ilikuwa inalima mwili pia, na kazi hiyo ya pili hatukuipatia mbadala. Sahani, kwa upande wake, haikupungua. Wali ni ule ule, mafuta ya kukaangia yameongezeka, chai ina vijiko vitatu vya sukari, na soda imekuwa heshima ya mgeni.

Linaongezeka jambo jingine ambalo chanzo chake ni upendo. Mtoto aliyesoma au aliyefanikiwa anamjengea baba yake nyumba nzuri, anamnunulia kiti cha plastiki chenye mikono, anamweka barazani na kumwambia, "Pumzika mzee, umefanya kazi ya kutosha." Mzee akitaka kuinuka kuchukua maji, mjukuu anatumwa. Akitaka kwenda dukani, anaambiwa akae. Baada ya miaka mitatu ya heshima hiyo, mzee hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono miwili, na watoto wanasema, "Ni uzee."

Uzee upo, sikatai. Lakini tazameni wenzetu Wahadza kando ya Ziwa Eyasi, ambao wataalamu wamekuwa wakiwatembelea kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1980 mtaalamu mmoja mwanamke kutoka Marekani, Kristen Hawkes, pamoja na wenzake, waliandika juu ya bibi wa Kihadza waliokwisha kupita umri wa kuzaa. Bibi hao walikuwa wakitumia saa nyingi zaidi kutafuta chakula na kuchimba mizizi kwenye ardhi ngumu kuliko mabinti zao. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2017, Wahadza waliofungwa vipimo mwilini walionekana kufanya shughuli za kuchangamsha moyo zaidi ya saa mbili kila siku, na kiasi hicho hakikupungua kwa kadiri umri ulivyoongezeka. Ajabu ilikuja mwaka 2020. Watafiti walipima muda ambao Wahadza wanakaa bila kutembea, wakakuta ni karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa nchi za viwanda! Tofauti ni namna ya kukaa. Mhadza huchuchumaa, hupiga magoti, hukaa chini. Misuli ya miguu ya anayechuchumaa inaendelea kufanya kazi. Ya aliyeketi kwenye kiti chenye mgongo na mikono imelala.

Tunacho na sisi kigoda. Kila mama aliyekaa kwenye kigoda jikoni na kuinuka mara ishirini kwa siku alikuwa akifanya jambo ambalo mahali pengine watu wanalilipia. Na samahani kwa kulitaja mbele ya wakubwa, lakini mimi ni mkaguzi na kazi yangu ni kutaja yaliyofichwa: vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Mzee asiyeweza kuchuchumaa na kuinuka hawezi kukuambia. Ataanza kunywa maji machache ili asiende mara nyingi. Atakula kidogo jioni. Atakataa safari za kulala ugenini. Familia itadhani ana ugonjwa wa tumbo, kumbe ni mapaja.

Ndugu Wanaushirika, mtaniuliza haya yanamhusu nini mkaguzi wa ushirika. Yananihusu, kwani nayaona katika daftari la malipo. Mwanachama ambaye miguu imemwishia haji mwenyewe kwenye mizani, anamtuma mjukuu. Mpunga wake unapimwa bila jicho la mwenyewe. Haji kwenye mkutano mkuu, na akidi inapotimia inatimia bila yeye. Makato yanapitishwa, viongozi wanachaguliwa, naye anapata habari baada ya wiki. Nimekuta alama za dole gumba katika daftari za watu ambao, nilipokwenda kuwatembelea nyumbani, waliniambia hawajafika ofisini kwa misimu miwili. Sikuwa na haja ya kumtafuta mwizi mbali. Mwanachama akipoteza nguvu ya kusimama, anapoteza na nguvu ya kusimamia mali yake.

Katika chama kimoja alikuwapo mzee mmoja, mwanachama wa tangu vyama viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, mtu mcheshi na mwenye mwili mkubwa. Kila mwaka vijana walimpandisha kwenye mizani ya mpunga kwa utani, na kila mwaka kilo zikizidi kidogo, wote wakashangilia, nami pamoja nao. Mwaka wa mwisho nilipomwona, vijana wawili walimshika kwapa ili ainuke atie sahihi mezani. Tulicheka kwa hilo pia. Miezi michache baadaye alianguka usiku akienda uani, akavunjika nyonga. Alilala kitandani muda mrefu, na alipotoka hakutembea tena. Nimeyafikiria sana yale magunia ya pumba tangu siku hiyo, kwa sababu safari hii aliyetaka kutia sahihi bila kufungua gunia ni mimi.

Kitanda ni adui mkubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 2007 ilitolewa taarifa ya majaribio ya huko Marekani ambapo wazee 12 wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo nzima ya mnofu wa miguuni. Siku kumi! Mzee wetu akiugua malaria au akilazwa kwa homa ya mapafu, hizo ni siku zake za kawaida. Mnofu ndio mfuko wa akiba ya lazima wa mwili. Maradhi yanapoingia na chakula hakiliki, mwili huchota humo ili kupigana. Aliyeingia katika ugonjwa na mfuko mtupu hana pa kuchota, na mafuta aliyonayo hayawezi kufanya kazi hiyo. Tena mnofu ndio unaopokea sehemu kubwa ya sukari tunayokula. Ukipungua, na mafuta yakiongezeka tumboni, sukari inabaki ikizunguka katika damu. Ndiyo maana kisukari na shinikizo la damu huandamana na hali hii.

Wengine watasema: basi nipunguze kula. Angalieni sana hapo. Mwaka 2011 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya mwaka mzima ya kuwafuatilia watu wanene 107 waliozidi miaka 65. Waliopunguza chakula peke yake walipungua uzito kwa asilimia 10, lakini mnofu wao pia ulipungua kwa asilimia 5, na mifupa ya nyonga ikapungua. Waliopunguza chakula huku wakifanya mazoezi walipungua uzito karibu sawasawa na wale, lakini mnofu uliopotea ulikuwa asilimia 3, na hao ndio waliopata nguvu nyingi zaidi za kutembea na kuinuka. Mzee anayeshinda na njaa ili apunguze kitambi anatoa mpunga ghalani na kuacha nusu ya pumba. Na wale wanaouza dawa za kupunguza mwili kwenye magulio, sina la kuwaambia ila kwamba nisingependa kukagua vitabu vyao.

Cha kupunguza ni sukari, soda, mafuta mengi na kilima cha wali. Cha kutopunguza ni vyakula vya kujenga mwili. Wataalamu wanashauri mzee apate protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mtu wa kilo 60. Gramu 100 za wali uliopikwa hazifikishi hata gramu 3. Lakini gramu 100 za maharage makavu zina takriban 22, yai moja lina 6, kikombe cha maziwa kinakaribia 8, na konzi ya dagaa wakavu ni mali kubwa kuliko tunavyoidharau. Maharage yanateremka kutoka Matamba kila siku ya soko, karanga zinalimwa hapa hapa. Ninaloliona majumbani ni kwamba mzee anapewa wali na mchuzi kwa kuwa ni laini, na mboga yenyewe wanakula vijana wanaokwenda shambani. Hesabu hiyo imegeuzwa. Meno yakiwa mabovu, maharage na yapondwe, dagaa wasagwe. Aliyekwisha kuambiwa figo zake zina hitilafu amuulize kwanza mganga wake kabla ya kuongeza.

Ama kuhusu mazoezi, nataka niwasimulie habari ya mwaka 1990, maana ndiyo iliyonifanya niamini. Katika nyumba moja ya kutunzia wazee mjini Boston, walichukuliwa wazee 10 dhaifu, wastani wa umri wao miaka 90. Wakafundishwa kuinua uzito kwa miguu kwa majuma 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa asilimia 174 kwa wastani. Wawili waliacha kutumia fimbo. Kisha mazoezi yakasimamishwa kwa majuma manne, na karibu theluthi moja ya nguvu hizo ikapotea. Habari ile ina pande mbili, nami nazipenda zote mbili: hakuna aliyechelewa, na hakuna anayeweza kuweka amana na kwenda kulala.

Hatuna vyuma vya Boston, lakini viti tunavyo. Keti kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, inuka polepole mpaka usimame wima, keti polepole. Rudia mara nane au kumi, pumzika, kisha fanya tena mizunguko miwili, siku mbili au tatu kwa juma. Asiyeweza aanze kwa kushika meza. Ikiwa nyepesi, shika dumu la maji. Simama ukishika ukuta, nyanyuka kwa ncha za vidole na ushuke. Kisha tembea, bodaboda ikuache mwanzo wa kijiji badala ya mlangoni. Usizuie pumzi unapoinua kitu, na mwenye maumivu ya kifua au shinikizo la damu lisilotulizwa amwone mganga kabla ya kuanza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 kuwa mzee, na hospitali zimeweka madirisha ya wazee; litumieni dirisha hilo kuuliza, si kuchukua vidonge tu.

Kwa viongozi nina maombi mawili. La kwanza, mizani ya mpunga isitumike tena kuwapigia wazee makofi. La pili, kabla ya mkutano mkuu, wanachama waliopita miaka 60 wapimwe kwa njia ambayo haigharimu hata shilingi: mtu ainuke kitini na kuketi mara tano mfululizo, mikono ikiwa kifuani. Akizidisha sekunde 15, nguvu zake zimepungua, hata awe na kilo mia. Katibu aliandike jina lake kwenye orodha, na mwezi wa pili apimwe tena. Orodha hiyo nitaiomba nitakapokuja kukagua, pamoja na daftari la malipo.

Nimeleta saa. Kiti kile pale mbele kimeegemezwa ukutani, nami nimekwisha kukijaribu asubuhi nikatumia sekunde 11, jambo ambalo halikunifurahisha sana kwa mtu wa umri wangu. Ndugu Mwenyekiti, kwa idhini yako, naomba tuanze na meza kuu.